Simfoni Hii Katungiwa Nani?

Katika mitaa ya bara ya Mombasa, tangu Likoni hata Kisauni na hata kule Changamwe magharibi ya kisiwa, ni nadra wimbo wa taarab kupigwa harusini ukapita hivi hivi bila ya kuwapo msikilizaji mmoja, aghalabu bibi wa makamo aliyekaa karibu na wapigaji, atakayeinama kwa jirani yake amwulize kwa sauti ya chini: katungiwa nani? Swali hilo si la umbeya peke yake, ingawa umbeya nao haukosi nafasi yake. Ni adabu ya kusikiliza ambayo watu wa pwani wameirithi kwa wazee wao, kwani watunzi wetu wamezoea kuweka dhahiri juu na batini chini, na mwenye masikio hujua kwamba ua lililotajwa si ua, na njiwa aliyeitwa si njiwa. Anayemjua mtunzi, akajua alipopenda na alipoachwa, na nani aliyemdhulumu na nani aliyemfadhili, husikia katika wimbo ule ule mambo ambayo mgeni hayasikii abadan.

Nimelitanguliza swali hili kwa sababu katika miji mikubwa ya Ulaya na Marekani imeenea namna ya tamasha la muziki ambalo, likitazamwa kwa makini, limejengwa juu ya swali hilo hilo la bibi wa harusini. Okestra kamili ya watu sabini au themanini hukaa ukumbini na ala zao, lakini badala ya kuanza kupiga, mwongozi wao, au mwigizaji aliyealikwa kwa kazi hiyo, husimama mbele ya hadhara akasimulia maisha ya mtunzi. Barua zake zikasomwa, picha za miji aliyokaa zikaonyeshwa ukutani, na kila jambo linapotajwa okestra ikapiga kipande kifupi cha simfoni inayohusika, ili watu wasikie kwa masikio yao kile kinachosemwa. Kisha watu hupumzika, na wakirudi vitini simfoni ile hupigwa yote, tangu mwanzo hata mwisho, bila ya neno kusemwa. Mmarekani Leonard Bernstein, aliyekuwa mtunzi na mwongozi wa okestra, alifanya jambo la jinsi hii katika televisheni mwaka 1954, alipoifungua simfoni ya tano ya Beethoven na kuwaonyesha watazamaji hata mistari ambayo mtunzi aliiandika kisha akaikataa; na tangu mwaka 1958 hata 1972 aliwafanyia vijana wa New York tamasha za mafunzo ambazo ziliwalea wasikilizaji wa kizazi kizima. Okestra ya Chicago nayo ilianza mwaka 2005 mfululizo wake wa tamasha za maelezo, ambamo nusu ya kwanza ni masimulizi na nusu ya pili ni muziki mtupu.

Simfoni yenyewe ni nini? Ni utungo mrefu wa okestra, aghalabu usio na maneno, uliogawanywa katika mafungu ambayo kwa ada huwa manne: la kwanza lenye haraka na mabishano, la pili la taratibu, la tatu lenye mwendo wa kuchezeka, na la nne la kumalizia. Hapo ndipo penye utata kwa msikilizaji wa kwetu. Wimbo wa taarab una shairi, na shairi lina fumbo, na fumbo lina mtu aliyekusudiwa. Lakini utungo usio na neno hata moja, ambao ndani yake hapana ua wala njiwa, mtu atauliza vipi katungiwa nani?

Kabla ya kulijibu hilo, yafaa niondoe dhana ya kwamba okestra ni kitu cha kigeni kisichotuhusu. Sultani Barghash wa Unguja, aliyetawala tangu mwaka 1870 hata 1888, alimpeleka Mohamed Ibrahim nchini Misri akajifunze muziki wa Kiarabu, na mwaka 1905 ikaundwa Unguja jamaa ya Ikhwani Safaa, ambayo udi wake, kanuni yake, nai yake na safu yake ya fidla zilizopangwa pamoja ni okestra kwa kila maana ya kitu hicho. Vyama vilivyofuata havikuona haya kujiita hivyo. Huku kwetu bara, Freretown iliyo Kisauni, mahali palipoasisiwa mwaka 1875 na wamisionari wa Kiingereza kuwa makao ya watumwa waliokombolewa, palikaa watu wa asili nyingi walioimba tenzi za kanisa kwa sauti nne huku wakisikia ngoma za Wamijikenda upande mmoja na taarab ya mji upande mwingine. Na mchanganyiko huo ndio uliokuja kumpa Mzee Joseph Ngala, mpigaji wa saksofoni, njia ya kuutunga muziki wa bango, ambao hata leo haukosekani katika harusi wala matanga ya pwani. Likoni na Mtongwe ni nchi ya Wadigo, wenye sengenya, ambayo ndani yake mpiga nzumari huongoza na ngoma zilizopangwa kwa sauti mbalimbali humfuata. Changamwe ni mji wa wafanya kazi wa bandari, wa reli na wa viwanda, waliotoka kila pembe ya nchi na kwaya zao.

Okestra ya namna ya Ulaya nayo imekwisha kuota mizizi Afrika ya Mashariki. Chuo cha muziki cha Nairobi kilianzishwa mwaka 1944, na Nairobi Orchestra mwaka 1947. Na katika mtaa wa Korogocho, ambao wengi huujua kwa jalala la Dandora lililo kando yake, Elizabeth Njoroge alianzisha mwaka 2008 mpango wa Ghetto Classics, unaowafundisha watoto wa mtaa ule fidla, chelo na tarumbeta, na ambao nauhesabu kuwa hoja iliyo bora kuliko hotuba zote za wale wanaodai kwamba simfoni ni starehe ya matajiri. Hata Maskati, ambako Kiswahili husemwa katika nyumba nyingi za watu wenye asili ya Unguja, Sultani Qaboos aliunda okestra ya simfoni mwaka 1985 kwa kuwachagua vijana wa Kiomani waliokuwa hawajapata kushika ala hizo, wakafundishwa tangu alifu, na mwaka 1987 wakapiga mbele ya watu.

Tofauti iliyopo baina ya okestra hizi mbili, ile ya taarab na ile ya simfoni, ni moja iliyo kubwa. Katika taarab ala zote hufuata lahani moja, kila mpigaji akiipamba kwa namna yake, na uzuri wake umo katika mapambo hayo. Katika simfoni ala hugawana maneno kama wazee wa barazani: huyu akaanzisha hoja, yule akaikamata katikati, wa tatu akaipinga, na wa nne aliyekuwa kimya muda wote akaja na jambo jipya, hata msikilizaji asiyezoea huchoka kwa kutafuta mwenye wimbo ni nani. Mwenye wimbo ni wote. Ukilijua hili tu, nusu ya ugumu imekwisha.

Sasa tuchukue simfoni moja, nayo ni ya tatu ya Ludwig van Beethoven, ile iitwayo Eroica, yaani ya kishujaa, aliyoitunga zaidi katika mwaka 1803. Nimeichagua hiyo kwa sababu katika tungo zote za Ulaya ninazozijua hapana ambayo swali la katungiwa nani limeisumbua kama hii, na kwa sababu mwenyewe aliyeitunga alilijibu swali hilo, kisha akalifuta jibu lake.

Beethoven alibatizwa katika mji wa Bonn, Ujerumani, tarehe 17 Desemba 1770. Baba yake alikuwa mwimbaji wa nyumba ya mtawala na mlevi. Mama yake alifariki mwaka 1787, na kijana akajikuta ndiye mlezi wa ndugu zake wawili wadogo. Mwaka 1792 alihamia Vienna, mji uliokuwa kitovu cha muziki, akajipatia jina kwa upigaji wake wa piano, hasa kwa uhodari wa kubuni muziki papo hapo mbele ya wakuu. Takriban mwaka 1798, naye hajatimiza miaka thelathini, masikio yalianza kumvuma na kumfifia. Alilificha jambo hilo kwa miaka. Na mwaka 1801 ndipo alipomwandikia rafiki yake wa Bonn, aliyekuwa tabibu, akakiri kwamba huepuka majumba ya watu kwa kuwa hawezi kuwaambia kuwa ni kiziwi.

Katika siku za joto za mwaka 1802 tabibu alimshauri akakae kijiji cha Heiligenstadt, nje ya Vienna, apumzishe masikio yake, na huko, tarehe 6 Oktoba, aliandika barua iliyo nusu wasia na nusu kilio, akaiongezea maneno tarehe 10 ya mwezi huo huo. Anaeleza humo fedheha ya kusimama kando ya mtu anayesikia filimbi kwa mbali ilhali yeye hasikii kitu, au anayemsikia mchungaji akiimba ilhali yeye hasikii vile vile. Na anasema kwamba ilibaki kidogo aikatishe roho yake, na kilichomzuia ni sanaa peke yake, kwa kuwa hakuona uhalali wa kuondoka duniani kabla ya kuyatoa yote aliyohisi kuwa yamo ndani yake. Barua hiyo haikupelekwa popote. Ilionekana katika makaratasi yake alipokufa mwezi wa Machi 1827. Nayo ina ajabu moja ambayo wataalamu hawajaacha kuijadili: imeandikwa kwa ndugu zake wawili, lakini penye jina la yule mdogo, Johann, mtunzi aliacha nafasi tupu kila mara, kana kwamba mkono ulikataa. Johann lilikuwa pia jina la baba yao.

Ajabu ya pili inamhusu mtu mwenye damu ya Afrika. Mwezi wa Mei 1803 alikuwapo Vienna mpiga fidla George Bridgetower, aliyezaliwa Poland na baba mweusi aliyetoka visiwa vya Karibi, kijana aliyelelewa katika majumba ya wakuu na aliyesifiwa London tangu utotoni. Beethoven alipendezwa naye mno, akamtungia sonata ya fidla na piano kwa haraka hivi kwamba tarehe 24 ya mwezi ule, walipoipiga pamoja asubuhi katika bustani ya Augarten, Bridgetower alilazimika kusoma fungu la pili juu ya bega la mtunzi, kwa kuwa hapakuwa na wakati wa kulinakili. Jina la Bridgetower liliandikwa juu ya utungo ule kwa mzaha wa marafiki. Kisha wakagombana, yasemwa sababu ilikuwa mwanamke, na sonata ilipochapishwa jina lililokuwapo ni la Rodolphe Kreutzer, Mfaransa ambaye, kwa mujibu wa habari, hakuipiga hata siku moja. Kwa hivyo mpaka leo dunia huiita kwa jina la mtu asiyeithamini, na mtu aliyeipiga wino haujakauka alifariki London mwaka 1860, akiwa hajulikani na wengi.

Naam, mwezi huo wa Mei 1803, na miezi ile iliyofuata, ndipo Eroica ilipotungwa. Nia ya kwanza ilikuwa kuitunuku kwa Napoleon Bonaparte, ambaye wapenda uhuru wengi wa wakati ule walimwona kuwa ndiye atakayeondoa enzi ya wafalme. Ferdinand Ries, mwanafunzi wa Beethoven, anasimulia kwamba aliiona nakala mezani, juu yake limeandikwa jina Buonaparte na chini kabisa jina la mtunzi, baina yao hapana kitu. Mwezi wa Mei 1804 Ries mwenyewe ndiye aliyemletea bwana wake habari kwamba Bonaparte amejitangaza kuwa mfalme mkuu, na bwana akapandwa na ghadhabu, akasema kwamba basi huyu naye ni mtu wa kawaida, atakanyaga haki za watu kwa ajili ya tamaa yake, akaupasua ukurasa ule. Ushahidi usiokanushika umo Vienna hata leo: nakala nyingine ya simfoni ile, iliyo mkononi mwa Jumuiya ya Wapenzi wa Muziki, imekwanguliwa penye jina la Bonaparte kwa nguvu hata karatasi imetoboka.

Walakini hadithi hii nzuri ina upande wa pili ambao wasimuliaji wa tamasha aghalabu huupitia mbio. Mwezi wa Oktoba 1803, miezi mingi kabla ya ghadhabu ile, Ries alimwandikia mchapishaji kwamba Lobkowitz, mmoja wa wakuu wa Vienna, yu tayari kulipa sarafu 400 za nchi ile ili simfoni iwe yake kwa nusu mwaka, na kwamba ikiwa atapewa yeye tunu, basi Bonaparte litabaki kuwa jina la utungo tu. Na mwezi wa Agosti 1804, baada ya karatasi kwisha kutobolewa, Beethoven mwenyewe alimwandikia mchapishaji mwingine kwamba jina hasa la simfoni ni Bonaparte. Mtu aliyekaa harusini Kisauni akaona mwimbaji akitunzwa noti, na papo hapo ubeti ukageuka ukamtaja mtoaji, hatapata taabu kumwelewa Lobkowitz. Okestra yake ndiyo iliyoipiga simfoni kwa mara ya kwanza, katika jumba lake, mwaka 1804, na jina lake ndilo lililochapishwa mwaka 1806, chini ya maelezo kwamba utungo huu wa kishujaa umetungwa kuadhimisha kumbukumbu ya mtu mkubwa. Kumbukumbu, nao Bonaparte yu hai na enzi yake inazidi kupanda!

Basi na tuyasikilize mafungu yenyewe.

La kwanza hufunguliwa kwa mapigo mawili ya okestra nzima, mafupi na mazito, na mara chelo zinaanza lahani ambayo ni nyepesi hata mtoto angeweza kuipuliza, ila baada ya hatua chache inatelemka kwenye sauti isiyo yake, sauti ambayo mpigaji wetu wa udi angeiita nje ya makamu. Sauti hiyo moja ndiyo inayoleta fitina yote. Kwa muda wa robo saa hivi okestra hupambana nayo, huizunguka, huitafutia pa kuiweka, hata katikati ya fungu mapigo yanagongana kwa ukali ambao wasikilizaji wa 1805 hawakuwa na mfano wake. Kisha, kabla ya lahani ya kwanza kurudi, fidla zikiwa zingali zinatetemeka kwa kungoja, baragumu moja linaingia na lahani ile mapema, kabla ya zamu yake, juu ya sauti zisizoafikiana nayo. Katika mazoezi ya kwanza Ries, aliyesimama kando ya bwana wake, alidhani mpigaji amekosea kuhesabu, akamlaani kwa sauti. Na anasema mwenyewe kwamba alinusurika chupuchupu kuzabwa kofi, na kwamba Beethoven hakumsamehe kwa muda mrefu. Hiyo ndiyo sehemu ambayo tamasha la maelezo lina faida yake hasa. Asiyeelezwa atadhani kosa, au hatatambua lolote. Aliyeelezwa atakaa akiingoja, na akiisikia atatabasamu.

Fungu la pili ni maandamano ya mazishi. Ala za sauti nene zinaiga mpigo wa ngoma ya jeshi, fidla zinaimba majonzi juu yake, kisha obo inayapokea, na katikati panafunguka mwanga, tarumbeta zikalia kwa adhama, halafu kiza kinarudi kizito kuliko cha mwanzo. Mwishoni lahani ile ya majonzi inakatika vipande vipande, neno moja na kimya, neno moja na kimya, mfano wa msemaji ambaye pumzi hazimtoshi. Tarehe 22 Novemba 1963, mchana, okestra ya Boston ilikuwa katikati ya tamasha ilipokuja habari kwamba Rais Kennedy ameuawa. Mwongozi Erich Leinsdorf aliitangazia hadhara msiba ule, akasema watapiga maandamano haya, na watu wakasikiliza kwa vilio. Wapigaji waliletewa makaratasi yake palepale, bila ya mazoezi. Muziki uliotungwa miaka 160 nyuma, kwa maiti asiyejulikana ni nani, ulipata siku ile mtu wa kumzika.

Hapa ndipo ninapotaka kuweka tahadhari yangu. Msimulizi wa tamasha aghalabu hutuambia kwamba maandamano haya ni mazishi ya masikio ya mtunzi, kwamba kule Heiligenstadt alikata tamaa na hapa anaizika tamaa hiyo, na kwamba baada yake huja ufufuo. Maneno hayo ni matamu, na huenda yana chembe ya ukweli. Lakini simfoni iliyokuwa mikononi mwake mwaka ule ule wa 1802, alipoandika ule wasia wa kilio, ni ya pili, nayo imejaa furaha na utani tangu mwanzo wake hata mwisho. Lau maisha yangemwagika katika muziki moja kwa moja kama maji katika mtungi, simfoni ile ya pili ingekuwa kilio na ya tatu, iliyotungwa baada ya moyo kutulia, ingekuwa kicheko. Haikuwa hivyo. Mtunzi si mtu anayelia mbele ya karatasi. Ni mtu anayeamua. Huamua sauti ipi ije nje ya makamu, baragumu gani liingie kabla ya zamu, jina lipi liandikwe na lipi likwanguliwe, na ni katika maamuzi hayo, wala si katika machozi, ndimo maisha yake yanamosikika. Wasifu wa Siti binti Saad, ambao Shaaban Robert aliuandika kwa mapenzi makubwa, hutufunza mengi juu ya mwanamke wa Fumba aliyetoka katika ufukara na akawa sauti ya Unguja. Lakini anayetaka kujua kwa nini watu waliacha kazi zao wakamsikilize, hana budi kuzitafuta sahani alizozirekodi Bombay tangu mwaka 1928.

Fungu la tatu nalipitia upesi, kwani lenyewe ni la upesi: fidla zinanong'ona kwa mbio, kisha mabaragumu matatu, kitu kilichokuwa kigeni katika simfoni za wakati ule zilizotosheka na mawili, yanapiga kwa furaha ya wawindaji.

La nne ndilo lenye siri kubwa. Baada ya mvumo mfupi wa kutisha, fidla na besi zinadonoa nyuzi kwa vidole, sauti chache za chini zilizo tupu, mithili ya mpigaji anayejaribu ala yake kabla ya watu kufika. Okestra inazichezea sauti hizo mara hii na mara hii, na msikilizaji anajiuliza hivi wimbo wenyewe u wapi, hata obo na klarineti zinapouleta juu ya sauti zile zile za chini, na hapo anatambua kwamba alichokuwa akikisikia ni msingi wa nyumba kabla ya kuta. Wimbo wenyewe ni wa dansi tu, dansi ndogo ya kuchezwa katika kumbi za Vienna. Beethoven alikuwa amekwisha kuutumia katika muziki wa mchezo wa jukwaani uliohusu Prometheus mwaka 1801, na tena katika tungo za piano mwaka 1802. Na Prometheus, katika visasili vya Wayunani, ndiye aliyewafinyanga watu kwa udongo na kuwaibia moto kwa miungu. Kwa hivyo wapo wasemao kwamba shujaa wa simfoni si Bonaparte wala si mtunzi, bali ni huyo mwizi wa moto, na kwamba jibu lilikuwapo katika fungu la mwisho tangu siku ya kwanza, mahali ambapo hapana mtu aliyefikiri kulikwangua.

Sisi wa pwani tunayo sababu ya kulielewa jambo hili la wimbo mdogo kubebeshwa mzigo mkubwa. Mwaka ule ule wa 1963, kamisheni ya wanamuziki watano, nao ni Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi, iliutayarisha wimbo wa taifa la Kenya, na lahani waliyoichagua ilikuwa ya wimbo wa Wapokomo wa mto Tana, ambao mama humwimbia mtoto alale. Aliyeusikia ukipigwa na bendi ya jeshi usiku wa kuamkia tarehe 12 Desemba, bendera ikipanda, alisikia tarumbeta na ngoma kubwa. Lakini chini yake mlikuwa na mama na mtoto. Haukupotea utu wake kwa kukuzwa. Wala dansi ya Vienna haikupotea; katika fungu la nne la Eroica inageuzwa kuwa mabishano ya sauti nyingi, ikageuzwa kuwa mwendo wa askari, ikapunguzwa kasi hata ikawa karibu na sala, na mwisho ikakimbizwa kwa shangwe hata okestra nzima imekwisha pumzi.

Je, tamasha la namna hii laweza kufanyika Likoni, au Kisauni, au Changamwe? Nauliza nikijua kwamba ukumbi wa kuwachukua wapigaji sabini na wasikilizaji wao si rahisi kupatikana upande wetu, na kwamba kuvusha besi na ngoma za shaba katika kivuko cha Likoni jioni ya siku ya kazi ni mtihani wa saburi ambao Beethoven hakuutungia muziki. Lakini simfoni hii ilipigwa mara ya kwanza katika chumba cha jumba la mtu, na okestra ndogo kuliko za leo. Chumba cha kanisa au uwanja wa skuli wafaa. Wapigaji vijana wa Nairobi wapo. Na msimulizi wa Kiswahili chenye fasaha, ajuaye kushika hadhara, hakosi kupatikana katika mji wenye malenga wengi kama Mombasa.

Ningeomba jambo moja tu juu ya mpangilio. Simfoni hii ilipopigwa hadharani Vienna tarehe 7 Aprili 1805, mtunzi mwenyewe akiongoza, mtu mmoja aliyekaa juu kwenye viti vya bei nafuu alipaza sauti kwamba yu tayari kutoa kreuzer nyingine ikiwa wataacha kupiga. Na alikuwa na udhuru, kwani ilichukua karibu dakika hamsini, takriban mara mbili ya simfoni alizozizoea. Beethoven hakupunguza. Alichokubali ni kuweka ilani katika chapa ya mwaka 1806, kwamba kwa kuwa utungo huu umerefushwa kwa makusudi kupita kawaida, upigwe karibu na mwanzo wa tamasha kuliko mwisho wake, watu wakingali na nguvu za kusikiliza. Tamasha za maelezo huenda kinyume cha ilani hiyo: maneno kwanza, simfoni baadaye, hadhara imekwisha kuchoka na imekwisha kuambiwa ahisi nini na wapi. Kwetu ningependa igeuzwe. Kwanza ipigwe yote, na kosa lile la baragumu lipite watu wasilijue, na mazishi yapite bila ya maiti kutajwa. Halafu watu wapewe kahawa na kaimati, waulizane wenyewe katungiwa nani. Kisha msimulizi asimame na barua yenye nafasi tupu, na ukurasa uliotoboka, na jina la Bridgetower, na okestra irudie vipande. Mwenye hamu ya kuisikia tena yote baada ya hapo, na ipigwe tena, hata ikiwa abiria wa kisiwani watakipanda kivuko usiku wa manane.